Mwangwi wa Chini ya Ardhi

Jumatatu, 19 Mei 2025

Nimerudi kazini leo. Siku kumi na moja tangu msiba. Meza ya Mwaro wameisogeza ukutani, lakini kikombe chake cha bati bado kipo dirishani, majani ya chai yamekaukia ndani. Sikukiosha. Sikumwachia mtu mwingine akioshe.

Picha ya tarehe nane imefika. Gachanja ndiye aliyeniita, karibu apige makofi. Ummu, njoo uone, hii hatujapata kuiona! Nikasimama nyuma ya kiti chake. Sikutaka kuketi.

Rada ya setilaiti haipigi picha kama kamera. Hutupa wimbi kutoka juu, wimbi ligonge matone, lirudi. Tunapima muda liliochukua, tunajua tone liko umbali gani. Basi. Hivyo ndivyo ninavyowaeleza watoto wa shule wakija kututembelea kituoni. Lakini mvua ikiwa nzito kupita kiasi, wimbi halirudi moja kwa moja. Linagonga tone hili, linarushwa kwenye lile, linagonga barafu kule juu, linatawanyika, linazunguka humo ndani ya wingu kama mtu aliyepotea — halafu linarudi limechelewa. Na kwa kuwa limechelewa, kompyuta hudhani limetoka mbali zaidi. Hulichora chini. Chini ya mvua, chini ya ardhi.

Kwa hiyo kwenye picha hii, pale Adu, mvua inanyesha ndani ya udongo. Mita mia tisa kwenda chini! Kulia na kushoto ardhi ni mstari mmoja mnyoofu. Hapo tu pametoboka. Nyekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha kijani inayofifia kama kitu kinachozama.

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Mwaro alikuwa chini ya wingu hilo.

Gachanja alikumbuka. Akasema pole, Ummu, nimejisahau. Ni mkubwa wetu lakini si mtu mbaya. Mazishini alilia mbele ya watu wote. Halafu akasema polepole kwamba bila hesabu za ardhini picha hii haina maana. Kadi ya kumbukumbu bado imo kwenye mashine yetu ya kuhesabu matone ya mvua, kule Adu, shambani kwa Mzee Dzombo. Lazima mtu akaichukue.

Kila mtu chumbani alinitazama mimi.

Ile simu siiandiki leo.


Jumanne, 20 Mei 2025

Nimeifungua picha mara tisa. Najua kwa nini mwangwi umeshuka chini ya ardhi. Ningeweza kuandika hesabu yake hapa, mistari minne tu. Haisaidii. Macho yanaona kitu kinachoingia kaburini.


Ijumaa, 23 Mei 2025

Gachanja amemaliza ripoti ya kifo. Karatasi mbili. Akaniletea nitie sahihi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampangia Mwaro kazi.

Imeandikwa: siku ya tukio marehemu alikuwa na ruhusa. Imeandikwa: alikwenda ng'ambo ya korongo kwa baba yake mdogo, Mzee Dzombo, kwa shughuli zake binafsi, akakutwa na maji wakati wa kurudi.

Nikauliza, nani amesema shughuli binafsi? Gachanja akasema, si alikuwa na ruhusa? Aliomba siku mbili apande mahindi. Kama hakutumwa na mtu basi ni shughuli zake. Au alitumwa?

Aliuliza hivyo tu, kwa kupita, huku anatafuta kalamu.

Nikatia sahihi.


Jumapili, 25 Mei 2025

Niko nyumbani, Mambrui. Mama anachambua mchele. Anazungumzia Idi — imebaki wiki mbili, sijapeleka kitambaa kwa fundi, watoto wa kaka yangu Uweis wanakuja kutoka Lamu na hakuna hata mto mmoja wa kulalia. Nikajibu ndiyo, ndiyo.

Simu yangu ikalia. Ni jirani tu, Lubna, anataka sufuria kubwa. Lakini nilishtuka mpaka nikaangusha ungo. Mchele wote sakafuni!

Mama hakugomba. Tukaokota pamoja. Akasema, mwanangu, tangu yule kijana afe unaiogopa simu. Una nini?

Sina kitu, Mama.

Akasema, haya, Mungu anakuona. Hakusema kwa kutisha, alisema kama mtu anayenihurumia. Ingekuwa afadhali angegomba.

Basi niandike. Hakuna asomaye hapa isipokuwa mimi.

Alhamisi tarehe nane. Asubuhi niliona kwenye picha za mawingu kwamba kitu kikubwa kinajijenga bara, upande wa Adu. Nikatazama ratiba ya setilaiti: itapita saa nane na dakika kumi na mbili. Njia yake ni nyembamba mno — inaona kama kilomita moja tu ya upana, kama uzi. Na uzi huo siku hiyo ulipita juu ya shamba la Mzee Dzombo. Juu ya mashine yetu! Mwaka mzima tumengojea dhoruba, setilaiti na mashine vikutane mahali pamoja. Havijakutana hata mara moja.

Na mashine ilikuwa imefunikwa gunia la plastiki. Mimi ndiye niliyesema ifunikwe, mpaka nilete waya mpya.

Nikampigia Mwaro. Saa saba na dakika ishirini na tano. Nilijua ana ruhusa. Nilimsikia anatafuna.

Nikamwambia, Mwaro, nenda ukaifunue mashine, sasa hivi.

Akasema, dada Ummu, huku mbingu imekuwa nyeusi.

Nikasema, ndiyo maana.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Ndiyo maana. Akacheka, akasema sawa, sawa, nakwenda.

Nilimpigia kwa simu yangu mwenyewe. Simu yake ilikwenda na maji. Hakuna mwingine ajuaye.


Jumatano, 28 Mei 2025

Adu. Kambi, dereva wetu, aliniendesha kwa gari la kazi. Njia nzima tangu Marafa hakuwasha redio, na Kambi si mtu wa kukaa bila redio.

Tulianza kwa mjane wa Mwaro. Kadii yuko shambani kwa mumewe, anapalilia yale mahindi aliyoyapanda Mwaro siku ya kwanza ya ruhusa. Yamefika magotini. Alinipa mkono, akanishukuru kwa kuja mazishini. Akanishukuru!

Akaniuliza kama kituo kinajua nani alimpigia Mwaro simu siku ile.

Nikauliza, simu gani?

Akanieleza. Walikuwa wanakula. Simu ikalia. Mwaro hakumaliza hata tonge lililokuwa mkononi. Nikamuuliza nani huyo, Kadii anasema, akacheka tu, akaniambia nisiuondoe ugali, anarudi haujapoa. Akapanda pikipiki. Mvua inakuja, mtu mzima ana akili zake, anaacha chakula anaelekea korongoni! Huyo aliitwa, dada. Haikuwa simu ya bure.

Nikamuuliza anadhani nani. Hakutaja jina. Alielekeza kidevu ng'ambo ya korongo, kisha akaendelea kupalilia.

Kambi alinieleza tulipokuwa tunashuka kwenda huko. Vijana wanasema ni Mzee Dzombo. Kwamba aliwahi kugombana na marehemu baba yake Mwaro juu ya mpaka wa shamba. Kwamba macho yake mekundu. Kwamba aliikubali mashine ya mvua ikae kwake, na tangu hapo yeye ndiye mwenye mvua. Wanamwita mutsai, yaani mchawi, waziwazi, hata watoto. Nikasema, Kambi, mzee hana hata simu! Kambi akasema, hiyo ndiyo wanayoishika zaidi, Bi Ummu. Wanasema simu ya namna hiyo haihitaji simu.

Korongo limekauka. Siamini. Mchanga mweupe, nyayo za mbuzi. Nililivuka kwa hatua ishirini na mbili na viatu havikulowa, Kambi akinifuata na gari mpaka kwa mzee.

Mzee Dzombo alikuwa peke yake uani, anachonga mpini wa jembe. Macho yake mekundu kweli — anapikia moshini, mkewe alikufa zamani. Mwaka jana alitupa mahali pa kuweka mashine bila kutuomba kitu. Kila tukija alikuwa anatuchomea mihogo, anamwuliza Mwaro, leo mashine yangu imehesabu matone mangapi? Anapenda kuita mashine yangu.

Shikamoo mzee.

Marahaba. Umefuata hesabu zako.

Nikatoa kadi. Skurubu iliniponyoka mara mbili. Mzee alisimama karibu, akazungumza bila kuulizwa. Kijana alikuja mbio, akaifunua, akafuta vioo kwa fulana yake. Mvua ikaanza. Nilimwambia keti, mwanangu, maji yatapita. Akasema huku hakuna mtandao, lazima avuke arudi upande wa pili apate mtandao, aseme imeshafunuliwa.

Akanitazama.

Aseme kwa nani, mama?

Nikajibu — naandika nilivyojibu, neno kwa neno: Sijui, mzee. Siku hiyo alikuwa na ruhusa.

Maneno ya ripoti yalitoka kinywani mwangu kama yalikuwa yanangoja mlangoni.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema, nimewaambia aliitwa na watu wa mashine. Wanasema nawasingizia wafu na walio hai.

Niliingia garini. Kambi aliwasha injini lakini hakuondoka mara moja. Alinitazama kwenye kioo. Nikamwambia twende.


Alhamisi, 29 Mei 2025

Nimefungua kadi.

Mashine ina mwali wa taa kati ya vioo viwili. Kila kinachopita katikati hupimwa: ukubwa wake, kasi yake. Hivyo tunajua ni matone ya aina gani yaliyoanguka wakati setilaiti iko juu.

Kabla ya saa saba na dakika hamsini na saba — giza, gunia. Kisha mwanga. Kisha vitu kumi na moja vikubwa mno, vinakwenda polepole, vingine vinapanda badala ya kushuka. Tone la mvua halifiki hata milimita kumi. Hivi ni zaidi ya ishirini. Programu imeviwekea alama nyekundu: si tone, futa.

Ni mkono wake. Mkono wa Mwaro na ile fulana, anafuta vioo. Juu, chini, juu. Sekunde kumi na tisa. Alivifuta vizuri, hakulipua.

Kwa hiyo alifika. Mpaka leo kulikuwa na kitu ndani yangu kinachosema labda hakufika, labda alikuwa anakwenda kwingine, labda ile simu haina uhusiano. Alifika, akafanya nilichomwambia, dakika kumi na tano kabla ya setilaiti.

Kisha matone. Kwanza machache, manene. Saa nane kamili ni mengi. Saa nane na dakika kumi na mbili hesabu ni kubwa hata mashine inaruka sekunde kadhaa, haiwezi kuyafuata. Yanalingana na picha vizuri kuliko tulivyowahi kuota.

Gachanja amepita saa kumi, akaona. Alinishika bega. Akasema, safisha hivyo vyenye alama, kesho tuanze kuandika. Na tutaliweka jina la Mwaro juu, pamoja na yetu.

Sijavifuta. Nimeketi navyo mpaka mlinzi akaja kufunga.


Jumamosi, 31 Mei 2025

Nimepiga nambari ya Mwaro. Mwenye simu hapatikani. Nilijua. Nikapiga tena.


Jumatatu, 2 Juni 2025

Sikukuu, watu hawaendi kazini. Kambi amekuja nyumbani Mambrui kwa pikipiki yake. Hajawahi kufika kwetu. Mama alimkaribisha chai. Akakataa kuketi ndani, tukasimama barazani.

Jana wamechoma nyumba ya Mzee Dzombo. Mchana kweupe, watu wametoka kanisani! Hawakujificha hata nyuso. Mzee alikuwa kisimani, ndiyo sababu yuko hai. Askari wawili wa chifu wamemchukua, wamemweka kwenye ghala la ofisi, mlango umefungwa kwa nje. Chifu ameitisha baraza Jumatano. Vijana wamesema Jumatano wanataka akiri mwenyewe aliyemwita Mwaro, na asipokiri hawatangoja tena.

Na mashine? Nikauliza! Yarabi nisamehe, hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka.

Kambi akasema, mashine wameivunja kwa mawe. Halafu akasema, Bi Ummu, mimi ni dereva tu. Lakini nimekuwa nikikuendesha miaka mitano na siku ile kwa mzee nilikuwa nimeteremsha kioo cha gari. Nilisikia alichokuuliza. Nilisikia ulivyojibu. Sauti yako haikuwa yako.

Nikamwambia. Hapo hapo barazani, nimesimama. Nilimwambia yote, na neno lile la ndiyo maana.

Kambi alivua kofia, akaivaa tena. Hakusema pole wala hakunilaumu. Alisema tu, basi mzee ana siku mbili.

Alipoondoka nikageuka. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Amesikia yote. Alikiweka kikombe chini, akaenda kutia udhu. Swala ya adhuhuri ilikuwa bado nusu saa.


Jumanne, 3 Juni 2025

Nilimngoja Gachanja tangu saa mbili asubuhi. Nikafunga mlango, nikamwambia yote.

Alipanguza miwani. Akasema, umekuwa na jambo hili peke yako siku zote hizi? Nikaona machozi yananijia, kwa sababu sikutegemea huruma kwanza. Akanipa maji.

Kisha akaanza kufikiri, na nilimwona akifikiri. Ummu, sikiliza. Wageni wa mradi wanafika Jumatatu ijayo. Ripoti ina sahihi yako na yangu. Ngoja wapite. Tutaisahihisha taratibu, tutakwenda kwa familia pamoja, kwa heshima, tumchukue na mkuu wa wilaya.

Nikasema, baraza ni kesho.

Akasema, huko kuna chifu, kuna polisi, hawawezi kumwacha mzee auawe. Na wewe ukisimama mbele ya watu wenye hasira useme ndiwe uliyempigia — unafikiri watakuuliza maswali ya rada?

Nikasema, kila mwaka wanauawa wazee wangapi huku kwa kuitwa wachawi, na machifu wapo na polisi wapo.

Alirudisha miwani usoni. Anajua. Sote tunajua, tunasoma magazeti yale yale.

Mwisho alisema kwa upole sana: ukienda, huendi kwa niaba ya kituo. Gari siwezi kukupa. Akaongeza kwamba hanitishi, anataka tu nielewe. Nilielewa.

Nikarudi mezani kwangu. Picha ilikuwa wazi kwenye skrini, sijui nani aliiacha hivyo. Huo mwangwi uliozama. Nimekuwa nikiufikiria kama kitu cha Mwaro — kwamba ni yeye aliyeko huko chini, ananivuta. Leo nimeutazama nikaona kwamba huko chini hakuna kitu. Hakujawahi kuwa na kitu. Kilichoko ni wimbi lililokawia ndani ya wingu, na sisi tunalichora mahali ambapo halikufika. Mimi nimekawia siku ishirini na sita, na mzee amechorwa mchawi.

Kambi anasema pikipiki yake haina nembo ya kituo. Tunaondoka alfajiri.

Nimemuaga Mama. Nilitegemea atanizuia. Amenifungia mkate na mayai, akasema nijifunike vizuri, barabara ina vumbi. Nilipoufikia mlango akasema, Ummulkheir — jina zima, kama nilipokuwa mdogo — sema mpaka mwisho. Usiseme nusu ukarudi.


Jumatano, 4 Juni 2025

Saa nne. Adu. Naandika nimekaa kwenye tofali nje ya ofisi ya chifu, baraza bado.

Tumeanza kwa Kadii. Sikutaka alisikie barazani pamoja na watu. Alikuwa shambani tena. Nikamwambia nina neno, akasema sema, nasikia, hakuacha jembe.

Nikamwambia ni mimi niliyempigia.

Jembe liliendelea. Alipalilia mstari mpaka mwisho, akageuka, akaanza mwingine akirudi kunijia. Nilikuwa nazungumza wakati wote huo, nikipaza sauti akiwa mbali, nikishusha akikaribia. Setilaiti, mashine, gunia. Kwamba Mwaro alifika salama, alifanya kazi yake, kwamba alivuka kwa sababu alitafuta mtandao. Aniambie mimi.

Akasimama. Akauliza jambo moja tu.

Ulijua kwamba ni mvua kubwa?

Ningeweza kusema sikujua. Mawingu hudanganya, hata wataalamu hukosea, nina maneno hayo elfu moja kichwani. Nikasema, nilijua. Aliniambia mbingu ni nyeusi. Nikamwambia ndiyo maana.

Ndiyo maana, Kadii akasema.

Akairudia tena, polepole, kama mtu anayejifunza neno la lugha nyingine. Ndiyo maana.

Nilidhani atanipiga na lile jembe. Nilikuwa tayari. Badala yake aliketi juu ya tuta, kati ya mahindi, akajifunika uso kwa ukingo wa leso. Hakulia kwa sauti. Mabega tu. Sikujua nikae au niondoke. Nikakaa, mbali kidogo, mchangani.

Baadaye akasema bila kuniangalia: wiki nne namlaani mzee wa watu. Nilimnyima hata maji alipokuja kwenye matanga. Alikuja na kuku mkononi, nikamfukuza. Wanangu waliona.

Halafu: kwa nini hukusema siku ile tunazika? Ulikuwa pale. Ulikuwa umesimama nyuma ya shemeji yangu, nilikuona.

Nikasema, niliogopa.

Akasema, nami niliogopa. Kila siku nilikuwa naogopa kwamba kile kilichomwita kitawaita na watoto. Kumbe ni wewe umekaa ofisini.

Hakuna alichonisamehe. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Aliinuka, akaenda nyumbani, akafunga mlango. Mimi na Kambi tukaja huku peke yetu.


Saa sita kasoro. Baraza limeanza. Watu ni wengi kuliko nilivyofikiri, labda mia tatu. Vijana wa pikipiki wamezipanga mlangoni mwa kiwanja kama ukuta. Wamemtoa Mzee Dzombo ghalani, wamemketisha mbele, kwenye kiti cha shule. Miguu haina viatu. Shati lina masizi. Anatazama watu kama anayetafuta mmoja anayemjua.

Kambi amekwenda kumnong'oneza chifu kwamba kuna mtu wa kituo anataka kusema. Chifu ameniangalia, ameandika kitu, ameniambia kwa mkono: ngoja. Kwanza wazee, kisha familia, kisha wageni.

Wazee wawili wamesema. Mmoja kasema tusichafue mikono yetu. Wamemzomea.

Kijana mwenye fulana nyekundu, binamu yake Mwaro, amesema. Anajua kusema, huyu. Ameeleza simu ilivyolia, tonge lilivyobaki, ugali ulivyopoa mpaka jioni mezani. Watu wanaguna. Amemuuliza mzee: ulimwita kwa nini? Mzee amesema, mimi nilimwambia aketi. Wamecheka! Watu wazima, wamecheka.

Naandika mbiombio, maandishi haya sijui kama nitayasoma. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitasimama niondoke. Njia ya nyuma iko wazi, kati ya choo na tangi la maji. Nimeiona tangu tulipofika.

Kadii amekuja. Sikumwona akiingia. Amevaa leso nyeusi ya msiba, anapita katikati na watu wanampisha. Hakuja upande wangu. Amesimama mbele, kati ya mzee na wale vijana. Yule binamu amemwonyesha nafasi ya kukaa, amekataa.

Chifu amemuuliza kwa sauti ili wote wasikie: Mama, wewe ndiye uliyekuwepo. Je, unamjua aliyempigia mumeo simu?

Kadii amesema, namjua.

Kelele! Wote wamemgeukia mzee. Mmoja ameshaokota jiwe, namwona, askari anamsukuma nyuma. Mzee ameinamisha kichwa kama anayengoja lifike. Chifu anapiga meza. Mtaje! Mtaje!

Kadii hamtazami mzee. Ameuvusha uso juu ya vichwa vyote hivyo na ananitazama mimi, na hataji jina. Amefunga mdomo. Ananingoja.

Nasimama